Nina miaka 17: mahakama yaweza kunitangaza mtu mzima?

SWALI: Shikamoo Mhariri. Baba alifariki, na sasa baba mdogo anataka kuuza shamba letu hapa Arua. Nasikia Marekani mtoto huomba mahakama imhesabu mtu mzima. Nami naweza?

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa msiba. California njia hiyo ipo kuanzia miaka 14, Uganda haipo. Hapa utu uzima ni miaka 18 kamili, hata kama unajitegemea au umeshazaa. Ukiwa na 16 unapata kitambulisho cha taifa na unaweza kusaini mkataba wa kazi. Wa kuuza ardhi, bado.

Lakini usikae ukingoja kutimiza 18, shamba litakuwa limekwenda! Haki ya kurithi unayo tayari. Usichoweza ni kushtaki peke yako. Mtu mzima unayemwamini, mama au shangazi, afungue shauri kwa niaba yako. Baba mdogo hawezi kuuza mali ya marehemu bila hati ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Undugu pekee hautoshi. Anzeni kwa makamu mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), ndiye kisheria mshughulikiaji wa watoto kijijini, kisha afisa wa ustawi wa watoto wilayani. Bebeni cheti chako cha kuzaliwa na cha kifo cha baba, maana bila hivyo utaulizwa wewe ni mtoto wa nani.

Ukiletewa karatasi “ya ukoo” usaini, kataa. Namba 116 ya watoto ni bure.