Jibu: Pikipiki inakula mafuta na plagi nyeusi baada ya kubadili kabureta

Mkuu, umesema tangu ubadili kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) pikipiki inakula mafuta, plagi ni nyeusi na inatoa moshi mweusi. Masizi makavu kwenye plagi pamoja na huo moshi maana yake petroli inazidi hewa. Kabla hujashika bisibisi, fungua kichungi cha hewa. Kikiwa kimeziba vumbi, utaisumbua kabureta bure. Hakikisha pia choki imerudi yote.

Sasa skrubu ya mchanganyiko, ile ya kwenye kabureta inayopanga kiasi cha petroli na hewa. Hapa ndipo wengi wanaharibu, kwa sababu kabureta hazifanani. Skrubu ikiwa upande wa kichungi inapima hewa, kwa hiyo ukiifunga unazidisha petroli. Ikiwa upande wa injini inapima mafuta, ukiifunga unapunguza. Angalia ya kwako kwanza!

Endesha dakika 10 injini ipate moto, zima, funga skrubu taratibu hadi iguse tu (ukikaza, ncha inaharibika), kisha ifungue mzunguko 1 na nusu. Washa, zungusha robo robo ukisubiri kidogo kila mara, hadi injini izunguke kwa kasi zaidi bila kukohoa. Ndipo ushushe mlio kwa skrubu ya sailensi (inayopanga kasi ya injini usipovuta mafuta).

Skrubu ya mchanganyiko inatawala mwanzo wa kuvuta mafuta tu. Ikiendelea kutoa moshi ukivuta mafuta nusu, pandisha klipu ya sindano (ile ya ndani ya kabureta inayopima petroli) ngazi moja juu ili sindano ishuke na petroli ipungue.

Tembea kilomita chache, toa plagi. Unataka rangi ya kahawia. Ikiwa nyeupe kama chokaa, ongeza petroli kwenye mchanganyiko siku hiyohiyo, maana injini inachemka na pistoni inaweza kutoboka.