Baba yuko kwenye mashine ya figo, mtoto ana usonji: usimpeleke kwa bibi

Wa aleykum salaam dadangu. Pole sana, Mwenyezi Mungu ampe shifaa babake watoto. Umeuliza kama umfiche mwanao wa miaka sita habari za ugonjwa wa babake, kwa sababu tangu baba aanze kusafishwa damu mtoto halali na amerudia kujipiga kichwa. Tena umeuliza kama umpeleke kwa bibi yake Mambrui mpaka mambo yatulie. Mume wangu ni mgonjwa wa figo, kijana wetu ana usonji, na tunaishi hapa hapa Malindi, kwa hivyo nakujibu kwa ninayoyaishi.

Usimpeleke. Figo zikishakufa kabisa zikafika kwenye mashine, hakuna kutulia kwa kungojwa: ni mashine maisha yote, isipokuwa apate figo ya kupandikizwa. Basi mtoto atakaa Mambrui mpaka lini? Na ukimtoa kwenye kitanda chake, sahani yake na kona yake ya ua, umemwongezea mtihani juu ya mtihani. Mimi naamini kinachomtesa mwanao si ugonjwa wenyewe. Siku zake zimevurugika na hakuna aliyemwambia. Baba aliyekuwa akirudi alasiri harudi, mama wa kumwogesha hayupo, leo analala kwa jirani, kesho kwa shangazi.

Lakini hebu itazame hiyo mashine. Katika nyumba yako nzima, hakuna kitu chenye ratiba kama yake. Siku mbili au tatu kwa wiki, siku zile zile, masaa kama manne kila safari. Na mwanao anachotaka ni kujua kinachofuata. Basi usimfiche, mpe hiyo ratiba aishike mwenyewe. Sisi tuna kalenda ya ukutani, ile ya bure ya dukani. Siku za mashine nimechora kitanda kwa kalamu nyekundu, siku za shule daftari, Ijumaa msikiti. Usiku kabla ya kulala kijana wetu anaweka kidole kwenye kesho. Mkoba wa baba anaupanga yeye: shuka nzito, maana mgonjwa huhisi baridi damu ikizunguka nje ya mwili, kisha kikoi, kisha tasbihi. Nikitangulia kutia kitu, anatoa vyote na kuanza upya, nami namwacha.

Siku ikihamishwa, labda mashine imeharibika, usimwambie kwa mdomo tu. Futeni kitanda pamoja, mkichore pengine. Atalia, lakini atajua kilipokwenda.

Sasa mkono wa baba, hapo sikiliza sana. Mume wako huenda akafanyiwa upasuaji mdogo wa kuunganisha mishipa miwili ya damu mkononi, vena na ateri, manesi wanauita fistula. Mkono ule haupimwi presha, haubebi mzigo, haulaliwi, haubanwi. Na una mtetemo, ukiweka kiganja unasikia kama injini ya mashua iliyo mbali. Kijana wangu anapenda kila kitu kinachotetemeka, hata friji huikumbatia. Alipougundua mkono ule alitaka kuushika kutwa, na anashika kwa nguvu. Kumkataza kabisa kulileta vita. Babake ndiye aliyetafuta njia: akaketi naye mkekani, akakichukua kiganja chake kikiwa wazi, akakiweka juu taratibu, akahesabu mpaka kumi, akakitoa. Jioni ya pili vivyo hivyo. Sasa ni desturi yao kila baada ya magharibi, kiganja wazi, vidole havikunjwi, na kumi ikifika anakitoa mwenyewe. Hayo ndiyo mazungumzo yao, maana kijana wetu hasemi. Nami hupata faida yangu, kwani mtetemo unatakiwa ukaguliwe kila siku. Ukipotea, huenda damu imeganda, na mgonjwa anapelekwa hospitali papo hapo bila kungoja siku yake.

Jikoni utachoka, sikudanganyi. Watu watamletea madafu wakisema yanasafisha figo. Yapokee kwa adabu, uyape majirani. Dafu lina potasiamu nyingi, na kwa mtu ambaye figo hazifanyi kazi potasiamu ikizidi inaweza kuusimamisha moyo. Ndizi na machungwa ni vivyo hivyo. Viazi vya baba vimenye, vikatekate, uvichemshe kwa maji mengi na maji hayo uyamwage. Mwanangu naye hali ila wali mweupe na viazi vya karai, kwa hiyo sufuria ni mbili. Maji ya baba hupimwa kwa siku kama alivyoagiza daktari. Chupa hujazwa na kijana asubuhi mpaka kwenye mstari niliouchora, na hapitishi hata tone.

Wifi yako aliyesema mtoto ana jini na ndilo lililomwangusha babake, mjibu kwa upole lakini mjibu. Figo huharibiwa zaidi na sukari na presha. Usonji ni namna ubongo ulivyokua, na mwanzo wake ni kabla ya kuzaliwa. Mtoto hakumletea babake maradhi. Kisha mpe huyo wifi kazi: siku za mashine aje yeye, saa ile ile, akae na mtoto. Watu watano wanaopokezana ni wema wao, lakini kwa mtoto huyu mmoja anayerudi ni bora.

Karatasi usiziache nyuma. SHA, yaani bima ya afya ya serikali, kwa sisi tusioajiriwa inataka mchango wa mwaka mzima, basi hakikisha umeingia na majina ya wategemezi yamo, usije ukaambiwa dirishani hujalipa mgonjwa akiwa kwenye benchi. Mtoto apelekwe EARC, kituo cha kupima watoto wenye mahitaji maalum ya elimu, akapimwe na kupangiwa shule, na umwandikishe kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kwanza lazima apimwe na madaktari wa hospitali ya serikali, kwa hivyo ulizia siku yao mapema na uchague isiyogongana na mashine.

Niandikie siku alizopangiwa babake, na mtoto anapenda nini. Mchoro wa kalenda tutaupanga pamoja hapa hapa.