Wasomaji Wanauliza: Askari wa Miguu Kwenye Meza Ndefu

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni wachezaji wachache wa Njiro, Arusha, tunaocheza vita vya mezani vya enzi ya Napoleon kwa sanamu ndogo, na pale zinapopungua tunajazia kwa askari wa kadi ngumu tunaowachapisha steshenari. Meza yetu ni mbao mbili za plaiwudi, kila moja futi 8 kwa 4, zilizounganishwa kwa urefu. Kwa sheria zetu kila upande hupanga jeshi ndani ya inchi 12 kutoka ukingo wake mrefu. Batalioni hutembea inchi 6 kwa zamu, au 12 ikiwa barabarani, na mchezo huisha baada ya zamu 8. Mimi huwa na batalioni 20, na huzipanga mstari mmoja kutoka pembe hadi pembe ili adui asipate pa kupenya. Hata hivyo, katikati huvunjwa kila mara na mizinga, huku batalioni za pembeni zikimaliza mchezo bila kutupa dadu hata mara moja. Nizipangeje? Na je, dhidi ya askari wa farasi, niwapange katika miraba, yaani pande nne zinazotazama nje, tangu mwanzo?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kugusa askari, chukua futi kamba. Meza yenu ina urefu wa inchi 192, na batalioni inayotembea inchi 6 kwa zamu 8 haiwezi kuvuka inchi 48, yaani robo tu ya urefu huo, hata kama hakuna mto, uzio wala adui wa kuichelewesha. Ndiyo maana wale wa pembeni hawapigani: uliwaondoa mchezoni wewe mwenyewe siku ya kupanga. Farasi wakiwekwa mahali pasipofaa wanaweza kuhamishwa wakawahi. Askari wa miguu hupigana pale pale ulipowaweka, au karibu na hapo. Basi amua kwanza unataka wawe wapi kufikia zamu ya sita, kisha uhesabu inchi kurudi nyuma.

Tuseme kijiji chenye pointi kipo inchi 20 kutoka ukingo wako. Batalioni iliyowekwa mbele kabisa ya eneo lako, ikikitazama, ina inchi 8 za kutembea na itakifikia katika zamu ya pili, wakati adui, mwenye inchi 16 mbele yake, atahitaji zamu tatu. Batalioni hiyo hiyo ukiiegemeza kwenye ukingo wa meza itafika zamu ya nne, na itamkuta adui ameshajifungia ndani ya nyumba.

Katika batalioni zako 20, mimi ningeacha sehemu kubwa ya meza wazi, nikiilinda kwa farasi wachache na mizinga, kwa sababu adui atakayeingia huko kwa miguu naye atakuwa amepoteza zamu zake. Batalioni kama nane ningeziweka upande ninaotaka kushinda, katika mistari miwili iliyoachana inchi 6, ili wa nyuma waweze kuziba pengo kwa zamu moja bila kukumbwa na wenzao wanaokimbia. Sita zingeshika vijiji na misitu. Zilizobaki ni akiba, na akiba huwekwa nyuma ya mwinuko, mahali ambapo mizinga haiioni. Ndivyo Wellington, jemadari wa Waingereza aliyepambana na Napoleon, alivyoficha sehemu kubwa ya askari wake wa miguu huko Waterloo, tarehe 18 Juni 1815. Shamba la La Haye Sainte, lililokuwa mbele ya mwinuko huo, lilianguka jioni baada ya walinzi wake kuishiwa risasi; kwa hiyo usiweke batalioni kijijini bila nyingine karibu ya kuipokea.

Akiba hiyo ikae kando ya barabara, kwa kuwa huko mwendo wake ni maradufu. Mfano tunao huku huku kwetu: Novemba 1914, Waingereza waliposhusha Tanga askari wapatao 8,000, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, ambaye sehemu kubwa ya nguvu yake ilikuwa upande wa Moshi ikiangalia mpaka, aliisafirisha kwa treni hadi pwani, na kwa watu wapatao 1,000 akawarudisha wavamizi melini.

Kuhusu miraba, usiipange mwanzoni. Kikosi kilicho katika mraba hutembea kwa shida, kila upande hupata robo tu ya bunduki zake, na kwa mizinga hakuna shabaha nzuri kuliko watu waliobanana namna hiyo. Subiri hadi farasi wawe wanaweza kukufikia katika zamu inayofuata. Huko Waterloo farasi wa Ney, jemadari wa Napoleon, waliishambulia miraba tena na tena bila msaada wa kutosha wa askari wa miguu, wakashindwa kuivunja. Mpinzani anayejua kazi yake ataleta mizinga pamoja na farasi, na hapo utahitaji farasi wako mwenyewe nyuma ya miraba ili kuwafukuza wake, askari wapate nafasi ya kurudi kwenye mstari. Miraba yenyewe ipange kwa kupishana, usiiweke sambamba, ili mmoja ukifyatua risasi zisielekee kwa jirani yake.