Kabla hujalijibu shairi la mapenzi

Nilikuwa na miaka 21, nakaa Wete, kisiwani Pemba, kwa bibi yangu, nilipoletewa barua ya mpenzi wangu kutoka Mombasa. Ndani mlikuwa na beti chache, na mishororo hii miwili ndiyo iliyoninyima usingizi:

Chombo kimetia nanga, kaskazi nangojea,
Ua langu la kiunga, nani alimwagilia?

Nikaisoma kwa pupa. Upepo wa kaskazi kwangu ni joto na ukavu, basi nikaona mapenzi yamekauka. Chombo kutia nanga, nikajua kapata bandari nyingine. Mshororo wa pili nikausikia kama tuhuma kwamba nilikuwa na mtu kabla yake. Nikajibu siku ileile, kwa ukali.

Barua yangu ilikwishaondoka nilipomsomea bibi. Alizaliwa katika nyumba ya mabaharia. Alinisikiliza huku anachambua mchele, kisha akauliza jambo moja tu: "Huyo aliyeandika yuko wapi?" Nikamwambia yuko Mombasa. "Na sasa ni kusi. Mjukuu wangu, aliyeko Mombasa akaingoja kaskazi, aja huku. Angetaka kukukimbia angeondoka na kusi hii hii."

Kweli. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini, kiasi cha Disemba hadi Machi, na ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi kwetu. Kusi, inayovuma kutoka kusini, ndiyo iliyoyarudisha. Mimi, mtoto wa kisiwani, nilisoma upepo nikasahau unakoelekea.

Ndiyo maana nakusihi: ukikuta picha katika shairi, usikimbilie maana yake. Uliza kwanza kile kitu hufanya nini huko alikokitoa mtunzi. Asumini huchumwa jioni ingali vitumba, hutungwa kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, hufunguka usiku, na asubuhi imeshanyauka. Anayekuita asumini huenda anasifu harufu yako, huenda pia analilia usiku ulivyo mfupi. Anayekuita waridi hakukuambia hayo.

Halafu shika viambishi. Kiswahili hakimtengi "yeye" wa kiume na wa kike, kwa hiyo shairi linaweza kwenda mpaka ubeti wa mwisho usijue nani anamlilia nani. Lakini ua ni "li". Pale mtunzi anapoanza kusema ua "amenuna", ameliacha ua, anamsema mtu. Mimi hapo husimama, nikarudi juu kusoma upya.

Kuna palipo na giza ambalo halitoki, na hapo usilazimishe. Litazame tena lile neno "alimwagilia". Ile "li" ukiifanya ya wakati uliopita, anauliza nani alilimwagilia ua zamani, na huo ni wivu. Ukiifanya ya lile ua lenyewe, kama washairi wanavyosema "alipenda" kwa maana ya "analipenda", basi anauliza: nani analimwagilia sasa, mimi nikiwa mbali? Huo ni uchungu wa mtu anayemhofia mpenziwe asikose wa kumtunza. Herufi ni zilezile, mizani ni ileile nane. Bibi mwenyewe hakunitatulia. Alisema tu kwamba hili lilitaka kuulizwa kwa upole, katika barua ya pili.

Barua ya pili sikuiandika, na kaskazi ilipokuja haikumleta. Karatasi yake ninayo kwenye kasha. Siku nikiwa na kinyongo naisikia "li" ya zamani. Jana usiku nilipoifungua, nilisikia ile nyingine.