Piriton Haimzoeshi Mtu Zamu ya Usiku

Swali: Mimi ni muuguzi hapa Malindi, na nimekesha wodini miaka kadhaa. Nikirudi asubuhi usingizi hauji mpaka nimeze Piriton mbili. Watoto wanalalamika kwamba nimekuwa mkali, na mume wangu asema nitazoea. Je, niongeze dozi?

Jibu: Usiongeze, dada yangu, na hizo mbili pia ziache. Lakini linaloniudhi zaidi ni hilo neno "nitazoea", ambalo nalisikia kila wiki. Wengi wa wanaofanya kazi usiku hawazoei hata baada ya miaka mingi, wala si kwa udhaifu wao. Saa ya mwili imo ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, nayo hurekebishwa na mwanga. Huku kwetu jua huchomoza karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo unapotoka wodini na kupanda bodaboda, mwanga ule unaiambia saa yako kwamba kumekucha, na hapo unakwenda kulala ilhali mwili unaamka.

Vaa miwani nyeusi kabla hujatoka mlangoni, maadamu wewe ni abiria, kisha uzibe dirisha la chumba kwa pazia zito. Kubalianeni na mumeo kwamba kuanzia saa mbili hadi adhuhuri hubishiwi hodi. Ukali ule ni njaa ya usingizi. Usile mlo mkubwa usiku wa manane, kwa kuwa saa hizo mwili hauimudu vyema sukari.

Piriton ni dawa ya mzio. Usingizi ni athari yake ya kando, na hukaa mwilini muda mrefu, hivyo uzito wake waweza kuwa ungalipo unapopima dozi ya mgonjwa usiku unaofuata. Wapo wanaotafuna miraa usiku ili wakeshe, kisha wakameza Piriton asubuhi, na sasa wamezuka wauzaji wa unga wa "kuzoesha mwili". Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili katika kundi la mambo yanayoelekea kusababisha saratani mwaka 2007, na mwaka 2019 likairudia kauli hiyo kuhusu zamu za usiku. Hakuna unga unaoliondoa hilo. Muuzaji huyo hajui shinikizo lako la damu wala sukari yako, na hayo ndiyo ya kupimwa kila mwaka kwa yeyote anayekesha kazini.