Mzinga wa A-10 hausimamishi ndege

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa ufundi, nakaa Kisauni. Tunatumiana video inayosema ndege ya kivita A-10 ya Marekani ikifyatua mzinga wake mfululizo husimama angani, kisha huanguka. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Si kweli, na video hiyo imenichosha. Walioitengeneza huchukua teke la mzinga, yaani kani inayosukuma ndege nyuma unapofyatua, takriban kilonyutoni 45 (kipimo cha kani), wakaliweka mbele ya injini moja yenye kilonyutoni 40, basi wakatangaza mshindi. Ndege ina injini mbili! Na muda hawautaji kabisa. Mzinga ule wa milimita 30 unatema risasi 3,900 kwa dakika, lakini ghala lake linabeba 1,174. Sekunde 18 tu, limekauka. Rubani mwenyewe hufyatua sekunde moja au mbili. Piga hesabu: tani 14, teke la sekunde moja, mwendo unapungua kama kilomita 12 kwa saa. Ndege ilikuwa ikienda zaidi ya 500.

Kinachostahili kukusumbua ni mahali teke linapopita. Likipita kando ya mstari wa kati, pua inageuka na shabaha inapotea. Ndiyo maana, kati ya mitutu ya mzinga inayozunguka, ule unaofyatua umewekwa katikati hasa, na gurudumu la mbele likasogezwa kulia kuupisha.

Halafu kuna gesi ya baruti, na hapa ndipo ndege zimeteseka kwelikweli. Ni ya moto, ina oksijeni haba. Injini ikiivuta, kompresa, sehemu inayobana hewa, inapaliwa na moto unaweza kuzimika. Ndege ya kivita Hunter F.1 ya Uingereza, iliyoanza kazi 1954, ilisumbuka hivyo ikifyatua juu sana, mpaka ikawekewa kifaa cha kupunguza mafuta kwa muda mfupi kila mizinga inapolia. Kwenye A-10, rubani akibonyeza kifyatulio, viwasho vya injini navyo huwaka, ili moto usipotee.

Haya hayaingii kwenye video ya dakika moja, na si ndege peke yake. Winchi, breki, kreni za bandarini, kote nawakuta vijana waliokaririshwa kani bila kuambiwa inadumu muda gani wala inapiga wapi. Anayefundisha namna hiyo usimpe shilingi yako. Mwanafunzi wangu mmoja alilipia kozi ya wiki mbili ya silaha za ndege, yote kwenye simu. Daftari lake nililisoma mwanzo hadi mwisho: 45, 40, na mshale unaoelekea chini.