Maoni ya uwanja na njia ya baiskeli: wafuateni watu wanapopita

Ndugu mleta mada, umesema mliitisha mkutano wa mtaa kuhusu eneo la wazi na njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, wakaja watu wachache, wengi wazee wenye nyumba, na sasa hujui ujaze nini kwenye fomu ya manispaa. Niliwahi kuwa kwenye kamati kama yenu hapa Dar.

Msiwalaumu watu. Mkutano mkuu wa mtaa ni wa wakazi wa miaka 18 na kuendelea, ilhali wanaoujaza uwanja kila jioni ni watoto wa shule ya msingi. Na baiskeli za alfajiri nyingi si za wakazi: ni wauza mkaa, wauza samaki watokao soko la Feri, mafundi wa mitaa ya mbali. Mtaa si wao, ila njia ni yao.

Sisi tulianza na ramani ya karatasi. Watu waliitikia kwa heshima tu, hawakuisoma. Ndipo tukaichora kwa chokaa chini, uwanjani penyewe, tukakaa nayo saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi jioni, na Jumapili. Kila aliyepita tulimwambia: weka kokoto unapopita, kizibo cha soda unapoogopa. Vizibo vilirundikana kwenye kivuko cha mtaro karibu na shule, mahali ambapo mkutanini hapakutajwa kabisa. Vingine vikajaa nyuma ya kijiwe cha vijana. Mabinti walikuwa wakizunguka mbali jioni kwa sababu ya giza. Hilo hawakuniambia mimi, walimwambia mama mmoja wa kamati. Kwa hiyo hakikisheni kuna mwanamke anayeuliza.

Jambo la vigingi lilinifundisha zaidi. Mchoro wa mradi ulikuwa na vigingi vya kuzuia bodaboda, na wote tulivishangilia, maana tumeona bodaboda na meza za biashara zinavyoingilia njia za baiskeli za Barabara ya Morogoro, zilizojengwa pamoja na njia za mabasi ya mwendokasi yaliyoanza 2016. Asubuhi moja dereva wa guta, lile la matairi matatu la mizigo, akatuomba tulipime guta lake kwa tepu. Lisingepita! Nyuma yake alikuwepo kaka mwenye baiskeli ya matairi matatu ya kuendesha kwa mikono. Naye asingepita. Tukaomba vigingi viachane zaidi. Bodaboda bado zinapenya, na dawa yake hatujaipata, lakini siwezi kukubali njia inayomzuia yule kaka.

Tulipokosea sana ni kwenye mrejesho. Tulipeleka makaratasi, tukanyamaza miezi. Tuliporudi kuuliza mengine, mama lishe mmoja akasema, "Si mlishaandika?" na akaendelea kusonga ugali wake. Alikuwa na haki. Bandikeni ofisi ya mtaa, na kwa mama lishe pia, kilichokubaliwa, kilichokataliwa, na sababu.

Kwetu kivuko cha mtaro kilijengwa, watoto wanavuka salama, na nafurahi kila nikipita. Taa zilisogezwa awamu ya pili kwa sababu tuliziandika mwisho wa orodha, baada ya mabenchi. Hadi leo hazijafika, na mabinti bado wanazunguka. Kwenye fomu yenu taa ziandikeni mstari wa kwanza.